Kasiki Ngazini, Kabati Majini

Katika watu wote ninaowajua Bujumbura, ni mimi peke yangu niliyeitazama filamu ile hadi mwisho kwa hiari yangu. Mke wangu alilala kabla ya nusu. Jirani yetu wa Kinanira, mtu anayetazama chochote mradi kuna bunduki, alinirudishia flash disk kesho yake na kuniuliza kama nilikosea kumpa.

"Wezi gani hawa hawana hata risasi moja?" alisema. "Ni wezi ao ni wahamishaji?"

Nilimwambia kwamba swali hilo ndilo uzuri wa filamu yenyewe. Alinitazama kwa huruma, akaenda zake.

Jina la filamu silijui. Ilikuja pamoja na filamu nyingine nyingi, ikiwa na namba tu, na sehemu ya mwanzo yenye majina ya waigizaji ilikuwa imekatwa. Ilitengenezwa katika nchi ya theluji, na watu wake wanaongea Kifaransa ambacho midomo yao haikisemi. Waigizaji wale sijawaona tena popote.

Hadithi ni hii. Watu wanne wanataka kuiba kasiki, lile sanduku la chuma la kuhifadhia fedha ambalo mjini kwetu tunaliita kofri, kutoka ghorofa ya sita ya jengo la ofisi. Mmoja ni fundi mzee wa lifti. Wa pili ni mama anayesafisha sakafu za jengo hilohilo. Wa tatu ni mtu mnene asiyesema neno, na wa nne ana kikohozi. Fundi anaiharibu lifti ili walinzi wasiweze kupanda haraka, na kweli walinzi hawapandi. Wezi wanalitoa kasiki ukutani, wanalisukuma juu ya magurudumu hadi kwenye mlango wa lifti, na mtu mnene anabonyeza kitufe. Wanasubiri. Kamera inakaa kwenye nyuso zao kwa muda mrefu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wanageuka kumtazama fundi.

Hapo ndipo watu wengi huzima. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapoanza, kwa sababu sehemu yote iliyobaki ni watu wanne wanaoteremsha kasiki kwa ngazi.

Ninatunza ghala katika Zone Industrielle, eneo la viwanda. Vitu vyangu ni saruji, mawese katika mapipa, na marobota ya mitumba. Shule niliiacha mapema, lakini nimejisomea, na moja ya mambo niliyojisomea kwa utaratibu ni namna vitu vizito vinavyosogea. Ndiyo maana filamu za wizi huwa zinanichosha. Dhahabu ni nzito karibu mara ishirini kuliko maji ya ujazo uleule. Mfuko ambao mwizi wa sinema anautupia begani huku akikimbia ungemvunja bega hilo. Watengenezaji hawajali. Mzigo kwao ni picha. Katika filamu yangu kasiki lina uzito. Unauona kwenye magoti ya mtu mnene, kwenye kamba inayokata viganja, kwenye jinsi mwenye kikohozi anavyojizuia kukohoa mpaka wafike kwenye ubapa kati ya ngazi na ngazi, wapumzike.

Halafu kuna watu wa jengo. Kila ghorofa mlango unafunguliwa na mtu anatoka. Mhasibu wa ghorofa ya tano anawaambia walilaze kidogo upande. Kwenye ghorofa ya nne kuna polisi aliyekuja kuulizia mwavuli wake uliopotea. Anavua koti, anashika pembe ya chini, na anawasaidia mpaka ya tatu, ambako mgongo unamshinda na anaomba radhi. Kwenye ya pili bibi mmoja anawapa mayai ya kuchemsha. Hakuna anayeuliza kasiki ni la nani. Mtu aliyebeba kitu kizito hashukiwi, anashauriwa. Sijaona filamu nyingine iliyolitambua jambo hili, ingawa kila mtu aliyewahi kuhamisha friji mjini kwetu analijua.

Mwishoni wanafika nje, njiani, wanaketi juu ya kasiki, na wanakula mayai. Halifunguliwi. Theluji inaanza kuanguka na filamu inaisha.

Nimeieleza yote kwa sababu bila hiyo kisa cha dada yangu hakiwezi kueleweka.

Dada yangu mkubwa ni mjane, na alikuwa akiishi Kibenga, karibu na ziwa, katika nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Watoto wameolewa na kuoa mbali. Wakati ziwa lilipoanza kupanda, watu wa upande ule walidhani ni mambo ya msimu. Maji yakaingia kwenye bustani, yakakaa. Majirani wa mstari wa mbele wakahama. Dada akapanga mifuko ya mchanga kuzunguka uwanja na kichochoro chake, akanunua pampu ndogo ya umeme ya kurudisha maji ziwani, na akaendelea kupika. Hakulalamika juu ya maji. Alilalamika juu ya kiboko aliyekuja kula lengalenga zake, yaani mchicha.

Kila mara nilipokwenda, nilikuta mstari wa unyevu umepanda ukutani. Nilimwambia nyumba hii itaanguka, pengine akiwa amelala ndani.

"Uje ukae kwetu," nilisema.

"Nitakuja na kabati."

"Kabati halipiti mlangoni, dada. Unajua."

"Basi na mi sipiti."

Kabati hilo lilikuwa sebuleni, na lilikuwa karibu ukuta mzima. Mumewe aliagiza mbao za libuyu kutoka Kongo, mbao nyekundu zinazozama kwenye maji, na akamleta seremala alitengeneze humo humo ndani. Seremala alikuwa na majivuno ya kutotumia msumari. Kila kiungo kilikuwa cha kigingi na gundi, kwa hiyo halikuweza kufunguliwa vipande bila kuvunjwa. Wakati ule hakuna aliyewaza kwamba siku moja litatakiwa kutoka.

Nilimweleza kwamba kabati ni mbao tu. Alikuwa anachambua mchele, miguu ikiwa juu ya tofali ili isilowe.

"We sikiliza, mudogo wangu," alisema. "Mi nimekimbia na kifuko nikiwa musichana. Nimekimbia na kifuko nikiwa na mutoto mugongoni. Najua vile inakuwa. Mutu akifika kwa ndugu yake na kifuko, ni mukimbizi. Wanamutandikia, wanamuonea huruma, akipita wanashusha sauti. Lakini mutu akifika na kabati, amehama."

"Mke wangu hawezi kukufanya ujione mkimbizi."

"Muke wako ni mutu muzuri sana. Atanionea huruma mupaka nife." Akatupa jiwe dogo la mchele majini. "Mara hii mi nataka kuhama."

Nilipima kabati, nikapima dirisha la sebule. Tukiondoa nondo na fremu, na tukibomoa ukuta chini ya dirisha mpaka kwenye msingi, kabati lingepita likiwa limelazwa chali, na nafasi ingebaki ya viganja. Nilimuuliza kama ananiruhusu kubomoa ukuta.

"Ukuta ni ya ziwa sasa," alisema. "Kabati ni yangu."

Wachukuzi niliwapata ghalani kwetu: watu wanne wenye mabega yaliyozoea saruji, na mkubwa wao ni kapita mmoja wa Buyenzi, Mwislamu, mtu wa mzaha anayeswali kwa wakati. Kazi ya nguvu waliijua. Nilichotaka ni waelewe utaratibu, na sikujua maelezo bora kuliko filamu yangu. Basi Jumapili moja niliwaalika nyumbani, nikawapa chai na mandazi, nikaiwasha. Kila penye jambo la maana niliisimamisha na kueleza.

"Chef," alisema mchukuzi mmoja ambaye ni mwimbaji wa kwaya, akiniita bosi kwa Kifaransa, "hata padri hasimamishi misa kila mustari."

"Muache," kapita akasema. "Anatufundisha kuiba vizuri."

Tulifika pale wezi wanapogeuka kumtazama fundi wa lifti, umeme ukakatika. Tulisubiri mpaka chai ikaisha. Haukurudi.

"Apana shida," kapita aliniambia akivaa viatu. "Filamu hii iko kwetu Buyenzi, ile ya kutafsiriwa. Tutamalizia kule."

Katika vibanda vya video vya mjini filamu ya kigeni hupita kwanza kwa mtafsiri. Huyu ni mtu anayekaa na kipaza sauti na kusema, juu ya sauti za waigizaji, yale wanayoyasema na pia yale anayoona walipaswa kuyasema. Mimi toleo hilo sikuwa nimelisikia. Niliwaomba tu waangalie vizuri sehemu ya ngazi. Siku chache baadaye kapita alikuja kwenye meza yangu ghalani akaniambia kwamba filamu ni nzuri mno, na kwamba wawili kati yao walilia. Nilidhani walilia kwenye mayai. Nilifurahi kuliko ilivyofaa. Baada ya muda wote ule, nilikuwa nimepata watu wa kuipenda.

Tulichagua Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, wakati watu wote wa mtaa wako nyumbani na barabara haina magari mengi. Nilifika na mwashi mapema. Vyombo vya dada vilikuwa vimeshapakiwa kwenye vikapu na kupelekwa kwenye kamyoneti, ambayo ilibaki juu kwenye lami kwa sababu kichochoro chake kilikuwa kimejaa maji. Kutoka nyumbani hadi kwenye gari niliweka meza tatu imara, moja uwanjani na mbili kichochoroni, mahali ambapo maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Meza hizo zilikuwa ubapa wangu wa ngazi. Tungebeba, tungepumzika, tungebeba.

Waya za umeme zilipita chini ya dirisha lile, kwa hiyo kabla mwashi hajaanza kugonga nilizima swichi kuu, kwa usalama. Mwashi akagonga. Ukuta ulikuwa umelowa lakini haukuwa dhaifu, na kazi ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Mimi nilihesabu vigingi, nikafunga milango ya kabati kwa kamba, nikamsaidia dada kulifunika kwa shuka jeupe ili vanishi isikwaruzwe. Nilipochungulia nje kupitia tundu jipya, niliona moja ya meza zangu ikipita mbele yangu polepole, miguu juu.

Pampu. Nilikuwa nimeizima pampu.

Nilisimama pale nikiwa na mkanda wa kupimia mkononi. Dada alikuja akasimama kando yangu, akaitazama meza, kisha akageuka akanitazama mimi. Nimeiona filamu ile mara nyingi, lakini mpaka siku ile sikuwa nimejua jinsi fundi wa lifti anavyojisikia. Mwigizaji yule alifanya kazi nzuri sana. Hafanyi chochote na uso wake. Ndivyo ilivyo, hakuna cha kufanya na uso.

Wakati huo wachukuzi walifika. Walivaa mashati meupe na suruali nyeusi, na kapita alikuwa na kofia yake ya sala. Nilidhani ni heshima kwa dada yangu. Waliingia kimya, wakampa mkono mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, wakalilaza kabati chali, wakalipitisha kwenye tundu bila kugusa upande wowote, na wakalipandisha mabegani. Uwanjani maji yalifika magotini. Niliwatangulia, kwa kuwa katika filamu sauti inayoongoza ni moja tu, nikaanza: taratibu, kushoto, angalia jiwe.

"Chef," kapita alisema kwa sauti ya chini, "usipige makelele. Haifai."

"Kwa nini haifai?"

"Haifai tu."

Walitembea polepole, hatua kwa hatua, wote wakiinua mguu kwa pamoja. Ulikuwa mwendo mzuri kuliko wowote niliowahi kuona ghalani. Lakini kabati ni zito, na kichochoro ni kirefu, na meza zangu mbili zilizobaki zilikuwa zimekwenda kuegemea kwenye uzio wa jirani. Niliwaambia hatuna tena pa kupumzikia, na kabati likiwekwa majini limekwisha.

"Hatupumuziki," alisema yule wa kwaya. "Ukiiweka chini umeipoteza."

"Nimepoteza nini?"

"Urithi, si unajua."

Nilimtazama kapita. Alinieleza huku akitembea, shavu likiwa limegandana na shuka, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua. Katika filamu, alisema, babu tajiri anakufa ghorofani, na kwa kuwa ni tajiri anawekwa kwenye jeneza la chuma. Wale wanne ni watoto wake. Yule mnene ni mtoto wa nje, ndiyo maana hasemi. Wosia unasema atakayekuwa wa kwanza kuliweka jeneza chini atakosa urithi. Lifti imekufa siku hiyohiyo, kwa huzuni. Ndiyo maana wanateremka na ngazi, na ndiyo maana kila ghorofa watu wanatoka.

"Wanatoka kuwasaidia wafiwa," kapita akamalizia. "Hata polisi alivua koti. Pale ndipo mi nilishindwa."

"Na mayai?"

"Ni chakula ya kilio, chef. We uliona ni ya nini?"

Ningependa kusema kwamba nilikasirika kwa niaba ya filamu. Kwa kweli nilikuwa nikiangalia miguu yao. Walikuwa wamefika nusu ya kichochoro bila kusimama, na hakuna kitu katika utaratibu wangu kilichoweza kuwafanya watu wanne watembee hivyo. Nilinyamaza na kuwatangulia.

Ilikuwa ni kosa kunyamaza, kwa sababu sasa hakuna kitu kilichotuonyesha kuwa ni watu wanaohama. Watu wa Kibenga walichoona kutoka madirishani ni kitu kirefu chini ya shuka jeupe, watu wanne wenye mashati meupe, mwanamume mmoja mbele akiwa kimya, na nyuma yake mjane ameshika gauni lake juu ya maji, kichwa wima. Mzee wa nyumba ya pili alizima redio yake na kuvua kofia. Akaingia majini na viatu. Halafu wakaja kina mama wawili wakijifunga vitenge juu ya nguo za nyumbani. Halafu wakaja wengine.

"Mwihangane," mzee aliniambia kwa Kirundi, akinishika mkono. Ndivyo tunavyowaambia waliofiwa.

"Mzee, hakuna aliyekufa. Ni kabati."

Alinishika kwa mikono miwili. "Pole sana, mwanangu. Ni nani?"

"Ni kabati la dada."

"Wanasema ni ndugu yake," mama mmoja akamnong'oneza. "Ule anasomasomaka vitabu."

"Huyo ni mimi," nilisema.

"Pole sana," akaniambia.

Niliwaendea mmoja mmoja. Ni tabia yangu. Jambo likiwa si kweli siwezi kuliacha lipite. Nilimweleza kila mtu kwamba kilichoko chini ya shuka ni samani, kwamba tunahama, kwamba naomba radhi kwa usumbufu. Walinisikiliza kwa upole mkubwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunipisha na kunishika bega.

"Muache aongee," nilisikia mtu akisema nyuma yangu. "Ni uchungu."

"Lakini alikuwa mutu mukubwa hivi?"

"Si wako na kisukari kwa familia."

Ikabidi nirudi kwa dada. Mama mmoja alikuwa amemshika mkono wa kulia, mwingine amembebea viatu.

"Dada, waambie."

"Nimewaambia tangu kwa mulango," alisema bila kugeuza kichwa. "Nimesema naenda na kabati yangu. Wamesema ndiyo, mama, twende." Alitembea kidogo. "Tangu maji ilianza hapa, kila mutu alitoka peke yake, asubuhi sana, hataki kuonekana. Angalia vile mi natoka."

Niliangalia. Mtaa mzima ulikuwa nyuma yake. Vijana walikuwa wametoa ubao wa uzio na kuulaza penye shimo. Wanaume wanne walijipanga kando ya wachukuzi wakaingiza mabega yao pia, na mmoja wao, sina shaka, alisema lilazwe kidogo upande.

Tulipofika kwenye lami kabati liliingia kwenye kamyoneti kwa urahisi. Nilidhani yamekwisha. Lakini katekista mmoja wa mtaa alikuwa amekwishapanda kwenye jiwe, na alisali sala fupi, akiomba kilichobebwa kifike salama kinakokwenda na kipate kupumzika. Sikupata neno la kupinga humo. Wa kwaya akaimba. Kapita alisimama kando, viganja wazi mbele ya kifua. Kisha katekista akanigeukia mbele ya watu wote na kuniomba, kama mkubwa wa kiume wa familia, niseme machache juu ya aliyetutoka.

Niliona hiyo ni nafasi yangu ya mwisho ya kurekebisha mambo hadharani. Nikapanda kwenye jiwe.

"Hili ni kabati," nilisema. "Lilitengenezwa ndani ya nyumba ile, na leo ni mara ya kwanza kutoka nje. Ni la libuyu tupu. Halina msumari hata mmoja."

"Kweli," mtu akasema.

"Milango yake haijawahi kukwama, hata wakati wa mvua. Lilibeba vyombo vya harusi tatu. Wageni wote wa shemeji yangu lilikuwa likiwaona wakiingia."

"Kweli kabisa."

Kina mama walikuwa wanajifuta macho. Mzee wa redio alikuwa ameinamisha kichwa. "Alikuwa munyoofu," alisema.

Upepo wa ziwa ukalishika shuka upande mmoja na kulifunua. Zikaonekana droo mbili, na kishikio cha shaba, na kipande cha kioo ambacho ndani yake watu wote tuliokuwa pale tulijiona tukiwa tumesimama barabarani. Mzee alisogea karibu na gari. Aligonga mbao kwa kidole.

"Ni kabati," alisema.

"Nimesema."

Alizunguka upande wa pili, akatazama viungo, akarudi. Nilikuwa nikisubiri anitukane, na nilikuwa tayari kukubali.

"Ilipita wapi?" aliuliza.

"Tulibomoa ukuta chini ya dirisha."

Watu walitazamana. "Mi niko na kitanda ya mama yangu," mama mmoja alisema taratibu. "Inakataa mulango." Mwingine alikuwa na meza ya kulia. Katekista mwenyewe alikuwa na kinanda. Tulipoondoka walikuwa wamemzunguka kapita wakimuuliza kama Jumapili anapatikana, na yeye anawaambia sharti wamalize kwanza filamu.

Dada alikaa mbele na dereva. Hakugeuka nyuma.

Filamu yangu ina udhaifu mmoja, na niliugundua tulipofika kwetu Kinanira. Inaishia njiani, na mpango wangu ulikuwa umeishia hapohapo. Nilikuwa nimepima dirisha la Kibenga kwa milimita. Mlango wangu mwenyewe sikuupima. Kabati halikupita. Mke wangu, ambaye kweli ni mtu mzuri, alisema tubomoe tu chini ya dirisha. Dada alikataa, akasema ukuta mmoja kwa wiki unatosha. Tukalisimamisha kwenye baraza, mgongo ukutani, chini ya bati. Dada akapanga vyombo vyake, akaweka mbele yake kiti na kimeza, na akalala katika chumba cha watoto.

Siku zilizofuata niliyaona yote aliyonitabiria. Mke wangu alimpelekea chai kabla hajaamka. Alimwambia pole akipita na pole akirudi. Aliwakanya watoto wa jirani wasipige kelele uwanjani, na mwenyewe akipita karibu na baraza alikuwa ananyata na kushusha sauti. Dada alishukuru kila mara, na kila mara shingo yake ilizidi kuzama mabegani. Sikujua la kufanya. Hakuna kitabu changu kinachohusu hilo.

Kisha jioni moja tulikuwa wote barazani, na dada akamwambia mke wangu, kwa sauti ya kawaida, "Kesho saa kumi uje kwangu. Nakualika."

"Kwako wapi, wifi?"

Dada alielekeza kwa kidevu, kwenye kabati, kiti na kimeza.

Mke wangu alivitazama vyote vitatu. "Nitakuja," alisema.

Kesho yake, saa kumi ilipokaribia, aliacha mboga jikoni, akaoga, akavaa vitenge vyake vya kwendea harusini. Alijaza kikapu kidogo sukari na maharagwe na kukifunika kwa kitambaa, kwa sababu huendi kwa watu mikono mitupu. Hakupita mlango wa barazani. Alitokea mlango wa jikoni, akaizunguka nyumba kupitia upande wa tangi la maji, akiinua miguu penye tope, akasimama kwenye ukingo wa baraza.

"Hodi," alisema.

Dada alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale. Hakujibu mara moja. Alingoja kwa kiasi cha muda ambao mtu angehitaji kutoka vyumba vya ndani.

"Karibu," alisema, akainuka. "Karibu sana. Umepata njia?"

"Nimepata. Si mbali."

"Pita ukae."

Alipokea kikapu, akafungua mlango wa kabati, akatoa glasi mbili, akazipangusa mbele ya mwanga. Mke wangu alikaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni na kusema kwamba hapa ni pazuri, pana hewa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni muda wote huo, nikisoma. Dada alinigeukia akiwa ameshika chupa ya kinywaji.

"We tutakualika siku ingine," alisema.

Nikachukua kiti changu, nikaingia ndani.